Msomaji wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na ndoo imerudi kazini chini ya dari linalovuja katika chumba namba saba. Chumba hiki ndicho tulichopewa, mimi na Shangazi, kwa kazi ya miezi mitatu. Si shangazi yangu wa damu. Ni mwanafunzi mwenzangu wa shahada ya pili, ila amevuka hamsini na darasa zima linamwita hivyo. Yeye ananiita mpwa, na akiudhika ananiita bwana mkubwa.

Niieleze kazi yenyewe nisije nikasahau. Swali ni moja: je, vizibo vya masikio vinawalinda kweli wafanyakazi wa viwanda vyenye kelele? Sisi hatupimi masikio ya mtu. Tunakusanya kila makala iliyowahi kuandikwa juu ya jambo hilo na kuichambua. Tumetafuta kwenye hifadhidata nne, programu ikaondoa zilizojirudia, zikabaki makala 1,874. Sasa kila mmoja wetu anasoma ikisiri ya kila makala, ule muhtasari wa mwanzo, kwenye kompyuta yake na kupiga kura: Chukua, Toa au Labda. Kura ya mwenzio huioni. Mwishoni programu inafunua zote na kuonyesha wapi tumegongana, kisha tunakaa kubishana. Ndiyo maana ya kuwa wawili, kosa la mmoja likamatwe na macho ya mwingine.

Profesa, ambaye tunamwita Nukta kwa kuwa hajawahi kuacha nukta impite, ametupa hadi mwisho wa Mei. Ripoti itakwenda kwa wakaguzi wa viwanda. Mimi nikimaliza vizuri nimeahidiwa nafasi ya mhadhiri msaidizi. Shangazi anasoma kwa udhamini wa kitivo, na masharti yake ni ya chuma: doa moja la udanganyifu, udhamini umekwisha.

"Nimekuja kusoma uzeeni, mpwa," aliniambia akipanga meza yake. "Sina muda wa kuchafuka halafu nifuliwe."

Alhamisi, 6 Machi

Tulianza na makala mia moja za majaribio. Tumegongana kwenye kumi na saba. Nilidhani tungezimaliza kabla ya chakula cha mchana, kumbe sikumjua mama huyu. Kwenye moja tu, iliyohusu wafumaji waliojitia pamba masikioni, tulibishana nusu saa.

"Hiyo ni pamba, Shangazi, si kizibo."

"Na kizibo ni nini, kama si kitu kinachoziba?"

"Kuna vizibo vilivyopimwa kiwandani..."

"Swali letu limesema vilivyopimwa? Soma tena. Weka kidole kwenye neno."

Halikuwepo. Nimeshindwa kumi na moja kati ya kumi na saba. Nilirudi nyumbani nimenuna, na mama, bila kuinua macho kwenye cherehani yake, akauliza nani kanikanyaga.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Mimi nimesoma 140. Yeye 31.

Jumanne, 11 Machi

Mimi 155. Yeye 28. Ndoo imemwagwa mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Shangazi anasoma kwa rula. Ndiyo, rula ya mbao, anaiegemeza kwenye kioo cha kompyuta na kuishusha mstari kwa mstari. Na akikuta makala ya zamani isiyo na ikisiri, hapigi kura. Anaandika barua pepe kwenye maktaba kuiomba nzima, anasubiri, inakuja, anaisoma yote. Nimeanza kumwita Kobe nikiwa na wenzangu. Leo akaniambia, "Kobe naye hufika." Sijui nani kampelekea umbea.

Nilimwonyesha nyota. Programu inaangalia kura zetu, inajifunza tunachopenda, halafu inazipa makala zilizobaki nyota, moja hadi tano. Zenye nyota moja karibu zote hazifai. Nikamwambia atazame nyota kwanza, kazi itakuwa nyepesi.

"Imejifunza kwa nani?"

"Kwetu. Kwa kura zetu."

"Kwa hiyo inajua tunachojua. Tusichokijua itakijulia wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia haya mambo ya kisasa hayataki maswali ya kikongwe. Yeye akacheka pia, akarudi kwenye rula yake.

Ijumaa, 21 Machi

Mimi 180, kwa msaada wa nyota. Yeye sijauliza.

Alhamisi, 27 Machi

Simu ya Shangazi ililia mchana akatoka nje kuipokea, lakini ghorofa nzima ilisikia. "NIMESEMA DAWA IKO JUU YA KABATI! JUU! SI NDANI!" Aliporudi alikuwa akitabasamu kwa aibu. Mumewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusokota nyuzi miaka ishirini na sita. Sikio moja limekufa, la pili liko njiani, na sasa figo nazo zinamsumbua.

Nikamwuliza kama kiwandani hawakumpa vizibo.

"Alipewa. Wote walipewa. Lakini akivaa hasikii akiitwa, na kule ukiitwa usisikie, mkono unabaki kwenye mashine. Kwa hiyo walikuwa wanavivua. Mkaguzi akija, wanavaa. Akiondoka, mfukoni." Akaiweka simu mezani. "Lazima kuna mtu ameliandika hili, mpwa. Haiwezekani awe ni mume wangu tu."

"Maneno ya mumeo si utafiti, Shangazi."

Akaegemeza rula kwenye kioo. Nasoma nilichoandika hapo juu na naona nilivyosema kama mtu anayemfukuza kuku jikoni.

Jumatatu, 31 Machi

Mumewe amelazwa, atapasuliwa. Shangazi ameomba ruhusa ya wiki mbili. Ameniandikia neno lake la siri kwenye kipande cha karatasi, ili niingie kwenye akaunti yake, nipakue makala alizoziwekea Labda, nimtumie kwa simu azisome wodini.

"Fungua, chukua, funga," alisema. "Na ule, mpwa. Unakonda."

Jumatano, 2 Aprili

Nimefungua, nimechukua, nimemtumia, nimefunga.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemaliza zangu zote 1,874. Shangazi yuko kwenye 772, zimebaki 1,102. Profesa ameniita: wakaguzi wamesogeza kikao, tutawasilisha tarehe 16 Mei. Anataka kura zote ziwe tayari Jumatatu ya tarehe 14. "Mwenzako vipi?" aliuliza. Nikasema yuko mbioni. Ulimi uliteleza wenyewe.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimefanya jambo, na naliandika kabla sijajipangia maneno mazuri.

Asubuhi nilikwenda chumba namba saba peke yangu. Nilijiambia namsaidia mtu mwenye mgonjwa. Nilijiambia pia, nikiwa mkweli, kwamba kwa mwendo wake atafika Juni na nafasi yangu itakuwa imekwenda kwa mwingine. Nikatoa kile kipande cha karatasi na kuingia kwa jina lake. Makala 1,102 zikajipanga mbele yangu.

Kura zangu nilizikumbuka, maana zilifuata nyota, na nyota zilikuwa pale pale. Nne na tano, Chukua. Tatu, Labda. Mbili na moja, Toa. Sikusoma chochote. Baada ya mia mbili kidole kilikuwa kinajua kazi kuliko mimi, sekunde nne kila moja. Pembeni mwa makala chache kulikuwa na alama ndogo ya njano, maana yake msomaji ameacha maelezo. Sikuibonyeza hata moja. Kwa muda wa saa moja na robo nikawa nimemaliza kazi ya miezi miwili ya mtu mwingine.

Mvua ilikuwa kubwa na ndoo ikajaa. Niliimwaga, nikafunga mlango.

Nyumbani nilimpa mama nusu ya habari: kwamba Shangazi kaniachia neno lake la siri, nami nimemsogezea kazi kidogo. Mama alikata uzi kwa meno.

"Aliyekupa ufunguo alikuambia uingie ulale?"

"Mama, ni kumsaidia."

"Mwambie basi. Msaada hausemwi kwa kunong'ona."

Nitamwambia akirudi. Sasa hivi ana mgonjwa, nisimchanganye.

Jumatano, 9 Aprili

Mume wa Shangazi amepasuliwa salama. Ameandika ujumbe: "Mungu ni mwema. Vipi ndoo?" Nikajibu kuhusu ndoo.

Jumatatu, 14 Aprili

Amekuja moja kwa moja kutoka hospitali, mkoba wa nguo begani. Nilimkuta ngazini nikataka kumwambia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, naye akaniwahi: nimekula? Nikasema ndiyo. Ngazi zikaisha, na Profesa alikuwa mlangoni anatungoja.

Hakutukaribisha kukaa. Alikuwa na karatasi mbili.

"Kwenye makala 772 za mwanzo," alisema, "mmegongana mara 94. Safi kabisa, ndivyo watu walivyo. Kwenye 1,102 zilizofuata, mmegongana mara ngapi?"

Shangazi alinitazama, akamtazama Profesa. "Za mwisho bado sija..."

"Sifuri," alisema Profesa. "Watu wawili wasiogombana hata mara moja kwenye makala elfu moja mia moja na mbili si watu wawili." Akageuza karatasi ya pili. Programu huweka kumbukumbu ya kila kura na saa yake. Kura zangu zilienea wiki tano. Zake 1,102 zilikuwa za asubuhi moja, sekunde nne nne, na kila moja ilifanana na yangu. "Umenakili kura za mwenzako, mama. Sijui umezionaje, lakini umezinakili. Jumamosi, tarehe tano."

Jumamosi, tarehe tano, Shangazi alikuwa wodini amemshika mumewe mkono. Nilijua hilo. Naye akajua kila kitu pale pale. Niliona uso wake ukijua. Aligeuka kunitazama, bila hasira, akanisubiri. Ndivyo alivyokuwa akinisubiri nimalize sentensi ninapobishana ovyo.

"Na wewe," Profesa akaniuliza, "unajua lolote juu ya hili?"

Niliiona nafasi ya mhadhiri msaidizi. Nilimwona mama akiwaambia wateja wake. Nikasema, "Sijui, Profesa."

Shangazi akashusha mkoba begani, akauweka sakafuni taratibu. "Akaunti ni yangu, Profesa," alisema. "Sina la kuongeza."

Kura zake 1,102 zimefutwa. Atatafutwa msomaji mwingine. Naye anangoja barua ya kitivo.

Jumanne, 15 Aprili

Sikwenda chuoni. Nimesema naumwa, na si uongo.

Jumanne, 22 Aprili

Barua imetoka. Udhamini umekwisha. Nilimkuta akikusanya vitu vyake: kikombe, shali, rula. Nilisimama mlangoni kama mgeni.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza. Yaani mimi ndiye niliyemwuliza yeye. Aibu ninayo hata sasa nikiandika.

"Kutoa neno la siri nako ni kosa, mpwa. Ningejitetea kwa kosa langu mwenyewe." Akafunga mkoba. "Halafu nilikuwa nakusubiri wewe."

Hakuniita bwana mkubwa. Ningeona nafuu angeniita.

Jumatatu, 28 Aprili

Msomaji mpya amemaliza 1,102 kwa siku tatu. Migongano sita. Amefuata nyota, naijua njia hiyo. Sikumwuliza, na wala hakuna aliyeniuliza mimi.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Naandika ripoti. Hitimisho: vizibo vinalinda vizuri. Mama ameniuliza Shangazi hajambo. Nikasema hajambo.

Ijumaa, 16 Mei

Tumewasilisha. Ukumbi ulijaa, na Profesa alinisifu mara mbili mbele ya watu. Kisha mkaguzi mmoja, mama mnene mwenye viatu vya kiwandani, akanyoosha mkono.

"Mimi nazunguka viwandani mwaka wa kumi na tisa huu," alisema. "Vizibo ninavyovikuta viko mifukoni. Watu wanavivua ili wasikie wakiitwa. Katika makala zenu zote hizo, hamkuona hata moja inayosema hivyo?"

"Hatukuona," nikajibu. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili nilikuwa nasema kweli, na ndiyo iliyonitisha.

Niliondoka kabla ya chai. Katika chumba namba saba nikafungua orodha ya zilizotolewa, nikatafuta moja moja zile zisizo na ikisiri. Nilitumia mchana mzima. Makala namba 1,340 ilikuwa ya zamani, haina ikisiri, nyota moja. Ilikuwa na alama ya njano. Safari hii nikaibonyeza.

"Mpwa, nimeruka mbele kuzitafuta zisizo na ikisiri. Hii haina, ndiyo maana ina nyota moja. Maktaba wamenipatia nzima. Inasema yale yale ya mume wangu, tena kwa vipimo. Kura nitapiga nikiisoma mara ya pili. Wewe usiitupe kabla hujaisoma. Ukishaisoma, niite tugombane. 29 Machi."

Chini ya maneno hayo, kwenye kumbukumbu, ilikuwapo kura iliyofutwa: jina lake, Toa, 5 Aprili. Niliitupa makala yake kwa mkono wake, juu ya maneno yake mwenyewe aliyoniandikia mimi. Sekunde nne.

Nimeisoma yote. Kurasa kumi na nne. Wafanyakazi walipimwa masikio kwa miaka mitatu, waliopewa vizibo na wasiopewa, na tofauti ilikuwa ndogo mno, kwa kuwa waliopewa walikuwa wakivivua. Shangazi hakukosea hata neno.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amefika, na amekuja kukaa.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemwambia Profesa yote. Alisikiliza akiwa amevua miwani. Nilitegemea anifokee.

"Nilikuuliza," alisema tu. "Nilikuuliza mbele yake."

Ripoti imeondolewa. Nafasi yangu haipo tena. Nitarudia usomaji wa zote 1,102 tangu mwanzo, na msomaji wa pili atakuwa Profesa mwenyewe. Kitivo kitaandika barua ya kumsafisha Shangazi, ila udhamini wake umeshapewa mtu aliyekuwa akingoja kwenye orodha. Hawawezi kumnyang'anya asiye na kosa.

Mama nilimwambia jioni hiyo hiyo. Alisimamisha cherehani. "Nenda kwake," alisema. "Usimpigie simu. Nenda."

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda. Nyumba yao iko katikati ya nyumba nyingine nyingi, ukuta kwa ukuta, na watu walikuwa nje wakianika nguo maana jua limetoka. Mumewe ndiye aliyefungua, mwembamba, mkono ukishika ubavu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kumwona Shangazi."

"Eh?"

"SHANGAZI! NIMEKUJA KUMWOMBA RADHI!"

"Redio? Hatuuzi redio."

"RADHI! NIMEMKOSEA!"

"Umekosea nyumba?"

Niliona aibu ikipanda hadi kwenye nywele. Nilikuwa nimejiandaa kusema yale maneno kwa sauti ya chini, sebuleni, macho sakafuni. Ikabidi nijaze kifua. "NILIPIGA KURA KWA JINA LAKE! YEYE ALIKUWA HOSPITALI NA WEWE! NIKAMWACHA AFUKUZWE! MIMI NDIYE NILIYEDANGANYA!"

Kwenye kamba za nguo watu waliacha kuanika. Mzee alinitazama mdomoni, na safari hii alisikia, au alisoma midomo. Alisogea pembeni, na nyuma yake alikuwapo Shangazi na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Nimesikia," alisema. "Mtaa mzima umesikia."

Nilimweleza kuhusu barua ya kitivo, kwamba mwakani anaweza kuomba tena. "Mwakani nitakuwa na hamsini na nne," alisema, "na mgonjwa ni huyu." Kisha akauliza, "Ile 1,340 umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Unaonaje?"

"Uko sahihi, Shangazi. Kila neno."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa chakula kimepoa. "Nilitaka unibishie," alisema. "Kukubaliana sasa kuna faida gani?"

Nikamwomba ruhusa tuweke jina lake kwenye ripoti mpya, kwa zile 772 alizozisoma kwa haki. Akakunja kitambaa mara mbili, mara nne.

"Jina langu usilitumie tena, mpwa," alisema. "Kula kwanza, ndipo uende."

Nilikula. Sikumbuki nilikula nini.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekwisha. Nasoma kwa rula, nimenunua yangu. Kwa siku nasoma 29, nikikimbia sana 33.

Tulianza na fungu la zisizo na ikisiri, na leo asubuhi programu imelifunua na kuonyesha mgongano kwenye 1,340. Mimi nimepiga Chukua, Profesa kapiga Toa. Amenijia hapa hapa chumbani, akavuta kiti.

"Makala ya zamani, watu wachache, na hawakupima kelele yenyewe. Kwa nini tuichukue?"

"Swali letu limesema lazima kelele ipimwe? Weka kidole kwenye neno, Profesa."

Alinikazia macho, akaweka kidole. Tulibishana karibu saa nzima. Kila alipofunga mlango nilimfungulia mwingine, na kila neno nililotumia nililijua limetoka wapi. Mwishowe akavua miwani, akasema haya, ichukuliwe, akaenda zake.

Nilikuwa nimeshinda. Niligeuka haraka kwenye meza ya pili nimwambie, na juu yake palikuwa na ndoo, imeinamishwa ikauke.